Sumbawanga: Nyumba Nyingi, za Kuuzwa Chache

“NYUMBA HII HAIUZWI.” Maneno hayo, kwa rangi nyekundu na herufi kubwa zinazobanana kadiri mwandishi alivyoikaribia kona ya ukuta, yanaonekana karibu katika kila mji wa Tanzania, mara nyingine yakiongezewa “ogopa matapeli” na namba ya simu. Anayefika Sumbawanga akitafuta nyumba ya kununua atayaona mapema kuliko atakavyoliona bango la “inauzwa”. Asiyapuuze. Ukuta ulioandikwa hivyo unasema kuna mtu amewahi kujaribu kuiuza nyumba hiyo, au familia inahofia kwamba atajaribu: kaka mkubwa, mtoto wa mke wa pili, shemeji aliyeachiwa funguo, dalali aliyeanza kuonesha wateja bila kutumwa. Katika soko lisilo na matangazo, hilo ndilo tangazo la wazi kuliko yote.

Uchache huo unashangaza kwa sababu mji haujalala. Sensa ya 2012 ilikuta watu 209,793 katika Manispaa ya Sumbawanga. Ya 2022 ikakuta wamevuka 300,000. Barabara ya Tunduma, ambayo wasafiri wa zamani wanaikumbuka kwa vumbi na kwa usiku wa kulala njiani, sasa ni lami, na nyumba mpya zimeifuata. Pita Izia, Kizwite, Jangwani au Chanji mwezi wa nane: kila baada ya nyumba chache utakuta lundo la tofali za kuchoma, rundo la mchanga, na fundi juu ya jukwaa la miti. Nyumba zinaongezeka kila kiangazi. Za kuuzwa ndizo hazionekani.

Watu wa huku hujenga, hawanunui, na wanaojenga hawajengi ili wauze. Nyumba ya Ufipa hupandishwa kwa mahindi na maharage. Mavuno yakitoka, magunia yanauzwa kwa wachuuzi au kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA. Fedha zinageuka tofali. Mwaka wa pili msingi, wa tatu kuta, wa nne lenta. Kupaua kunasubiri msimu wenye bei. Mwalimu na muuguzi hufanya hivyohivyo, ila wao huendeshwa na mkopo wa mshahara badala ya gunia. Aliyejenga kwa mtindo huo kwa miaka minane hajui nyumba imemgharimu kiasi gani. Hana risiti ya mchanga, hana risiti ya fundi, na tofali alizifyatua na wanawe bondeni. Ukimwuliza anaiuzaje, atakutajia bei ya jasho lake, na hakuna nyumba ya jirani iliyouzwa juzi ambayo mnaweza kuitazama pamoja mkalinganisha.

Hapo ndipo ugumu wa kununua Sumbawanga ulipo, na sidhani kama upo kwenye idadi ya nyumba. Upo kwenye ukosefu wa kulinganisha. Dar es Salaam mtu akitajiwa bei anaweza kufungua simu akaona nyumba nyingine thelathini za eneo hilohilo. Huku anaiona moja, anaambiwa kuna mtu mwingine ameiulizia, na moyo unaanza kwenda mbio.

Nyumba ikifika sokoni, ujue kuna jambo limetokea. Mwenyewe amefariki na watoto wanataka kugawana. Mtumishi amehamishwa na hatarudi. Benki au mkopeshaji wa mtaani amechoka kusubiri. Ndoa imevunjika. Mgonjwa anatakiwa Mbeya au Muhimbili na hakuna mahali pengine pa kupata fedha. Kila mlango kati ya hiyo una makaratasi yake na hatari zake, kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi mwenye akili huwa kwa nini inauzwa, halafu ndiyo vyumba vingapi. Na jibu asilitafute kwa muuzaji peke yake.

Mtumishi aliyehamishwa ndiye muuzaji mwepesi, na hata yeye ni adimu. Wengi wao ni wapangaji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliuza nyumba zake nyingi nchini kwa watumishi waliokuwa wakiishi ndani, na tangu hapo mtumishi mpya anayepangiwa mikoani hutafuta chumba mtaani kama watu wengine. Anayekuja Rukwa akidhani atakaa miaka miwili hanunui kitu. Akija kushtuka ana miaka kumi na watoto wako darasa la tano, anatafuta kiwanja.

Kuna jambo jingine ambalo wageni huchelewa kuling’amua: soko la hapa lina majira. Ufipa, nyanda iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Fedha huingia mfukoni kuanzia Juni hadi Septemba. Miezi hiyo kila mtu ni mnunuzi, na hakuna anayelazimika kuuza. Januari mambo yanageuka. Ada na sare, mbolea ya kukuzia, chakula kinachopungua ghalani, vyote vinakuja pamoja, na ndipo mtu anapoanza kuwaambia wachache anaowaamini kwamba akipata mteja ataachia lile pagala. Lakini Januari wanunuzi hawana kitu. Wauzaji na wanunuzi wanapishana mlangoni, na anayefaidika ni yule mwenye mshahara au duka, aliyeweka akiba yake bila kuigusa hadi mvua zilipokolea.

Bei ya mahindi huvuruga hata hesabu hiyo. Serikali ilipopiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi mwaka 2017, gunia lilianguka bei katika mikoa yote ya Nyanda za Juu Kusini. Mwaka kama huo viwanja hupatikana kwa wingi na wa kuvinunua hayupo.

Tungekuwa na mikopo ya nyumba inayofika huku, majira hayo yasingekuwa na nguvu. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa miaka ya 1970 kwa kazi hiyo, ilikufa mwaka 1995. Sheria mahususi ya mikopo ya nyumba ikapitishwa mwaka 2008, na kampuni ya kuzipa benki fedha za muda mrefu, TMRC, ikaanza mwaka 2010. Matunda yake yanaonekana zaidi Dar es Salaam. Mkopo wa nyumba unadai hati, na sehemu kubwa ya nyumba zinazouzwa Sumbawanga kwa mdomo hazina. Kwa hiyo ni fedha taslimu, au nusu sasa na nusu baada ya mavuno, utaratibu uliowagombanisha watu wengi waliokuwa wakisalimiana vizuri.

Habari za nyumba zinasafirije, kama hakuna mabango? Kwa mafundi, kwanza kabisa. Fundi ujenzi anajua nani amesimamisha kazi na kwa sababu gani. Bodaboda wanajua. Mama wa genge anajua, na wazee wa kanisa na wa msikiti wanajua kabla ya wote, kwa kuwa ndio waliokaa kwenye kikao cha msiba. Madalali nao wapo, wengi wao wakiwa na kazi nyingine mchana. Ubaya wa dalali hapa ni kwamba mara nyingi si mmoja. Aliyeambiwa na muuzaji anamwambia mwenzake, mwenzake anamwambia wa tatu, na kila mmoja anaweka cha juu. Mwenye nyumba aliyetaka milioni 25 hajui kwamba mteja wake ametajiwa milioni 31, na mteja hajui kwamba amekwishalipia fedha ya usumbufu kwa mtu ambaye mwenye nyumba hajawahi kumwona. Dawa yake ni kudai kukaa na mwenye mali uso kwa uso kabla ya kutaja fedha yoyote. Dalali wa kweli hakatai. Cha kwake kinatajwa mbele ya wote na kuandikwa.

Kitu kinachopatikana kirahisi zaidi ni pagala, na ndicho ninachokipenda zaidi, kwa sababu ukuta usiopigwa lipu hauwezi kukuficha kitu. Nenda asubuhi. Nyasi zimejaa sebuleni hadi kifuani, mbuzi wa jirani wamefanya chumba cha mwisho zizi lao. Angalia kozi tatu za juu, chini kidogo ya mahali bati lingekaa: kama tofali zililazwa kwa udongo badala ya saruji, mvua ya miaka miwili imeula udongo kutoka juu, na tofali zinatikisika kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Okota mbili zilizoanguka uzigonganishe. Iliyoiva inalia; iliyokaa pembeni mwa tanuru ikakosa moto inatoa kishindo kizito na kumwaga unga. Shuka kwenye msingi, utazame kama maji yanapita mbali au yanakuja kusimama ukutani. Halafu simama penye mlango mkuu ujiulize unaelekea wapi. Upepo wa kiangazi wa Ufipa unavuma kutoka upande wa mashariki na kusini-mashariki, na Juni na Julai baridi yake haina mzaha. Nyumba iliyofunguliwa upande huo bila miti itakula mkaa mwaka baada ya mwaka. Mwenyeji aliyejenga kwa ajili yake amelifikiria hilo. Aliyechorewa ramani mjini kwingine hakulifikiria.

Pagala lina swali la kisheria pia. Masharti ya hati ya makazi kwa kawaida humtaka mmiliki awe amekamilisha ujenzi ndani ya miezi 36. Kiwanja kilichopimwa chenye kuta za miaka tisa ni kiwanja ambacho masharti yake yamekwishavunjwa, na kodi ya pango la ardhi huenda haijalipwa tangu siku ya kumwaga msingi. Deni hilo halimfuati muuzaji. Linabaki na kiwanja.

Kabla ya kuondoka, tafuta bikoni. Kiwanja kilichopimwa kina mawe ya zege kwenye pembe zake, yenye alama zinazopaswa kulingana na ramani ya upimaji. Zikikosekana tatu kati ya nne, mwite mpima kabla ya mwanasheria. Tazama pia X. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kuanzia katikati, na waliokutwa ndani ya ongezeko hilo waliandikiwa X ya kijani, maana yake fidia, tofauti na X nyekundu ya wale waliohesabiwa wavamizi. Rangi inafutika kwa brashi moja ya chokaa. Vipimo vya mita havifutiki, kwa hiyo chukua futi kamba. Na penye mto, kama Lwiche, kumbuka mita 60 za Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.

Nyumba za urithi zinataka maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndizo nyingi na ndizo zinazopeleka watu mahakamani. Picha ni hii: baba amefariki, watoto sita, wawili Dar es Salaam, mmoja Mpanda, watatu wapo. Waliopo wanakaa kikao cha ukoo, wanaandika muhtasari kwenye daftari la shule, wanatia saini, wanampa kaka mkubwa idhini ya kuuza. Mnunuzi anaoneshwa muhtasari huo kwa heshima zote. Hautoshi. Muhtasari wa ukoo ni ngazi ya kwenda Mahakama ya Mwanzo, ambako msimamizi wa mirathi huteuliwa na kupewa Fomu Namba 4. Bila fomu hiyo kaka mkubwa ni mrithi kama wenzake. Hawezi kuuza hata choo cha nje. Akiwa nayo, bado mnunuzi mwerevu atawapigia simu wale wawili wa Dar es Salaam, si kwa sababu sheria inamlazimisha, bali kwa sababu binti aliyesahauliwa kwenye mgawo huwa harudi mwaka huohuo. Anarudi baada ya nyumba kupigwa lipu, akiwa na wakili.

Na mjane? Mara nyingi yumo ndani, anakuandalia chai wakati wanaume wanataja bei barazani. Mwulize yeye. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, haimruhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na jicho hilohilo unatakiwa uwe nalo hata pale mwenye nyumba yuko hai na anasema mkewe hana neno. Hana neno kwa sababu hajaulizwa. Saini yake, au dole gumba lake, liwe kwenye mkataba na picha yake ya pasipoti ibandikwe kando ya ya mumewe.

Kuhusu uchawi, kwa kuwa msomaji wa Dar es Salaam amekwishaanza kutabasamu tangu aliposoma jina la mji: ndiyo, utaambiwa nyumba fulani ina mambo, ndiyo maana ni bei rahisi. Sikiliza, usicheke, halafu uliza mambo hayo yalianza lini. Mara nyingi yameanza pale ndugu walipogombana juu yake. Uvumi wa namna hiyo humfukuza mnunuzi vizuri kuliko maandishi mekundu ukutani, na wapo wanaoueneza kwa kujua. Mimi ningelipima jambo hilo Mahakama ya Mwanzo, kwenye jalada la mirathi.

Mauziano yenyewe hufanyika ofisi ya serikali ya mtaa. Meza moja, benchi, daftari la wageni, muhuri ndani ya kikopo. Mwenyekiti anasoma mkataba kwa sauti, majirani wa pande nne wanaulizwa kama mpaka ni huo, fedha zinahesabiwa mara mbili, muhuri unapigwa. Kisha linatajwa fungu la ofisi, asilimia kumi sehemu nyingi. Katika Sheria ya Ardhi hakuna kifungu kinachompa mwenyekiti asilimia hiyo, wala muhuri wake hauhamishi miliki. Hata hivyo nisingemshauri mtu airuke ofisi hiyo. Mahali ambapo daftari la msajili halina habari za kiwanja, kumbukumbu ya kuaminika ipo vichwani mwa wale majirani wanne, na siku ya kesi ndio watakaoitwa. Lipa ada halali ya huduma na upewe risiti, mpe mkono mwenyekiti, ushukuru kwa ushahidi.

Ukitoka mjini, sheria inabadilika chini ya miguu yako. Vijiji vya kando, kule Pito, Ntendo na Milanzi, ambayo ni makao ya kale ya watawala wa Ufipa, vimeingizwa ndani ya manispaa, na shamba la mahindi la juzi leo linakatwa miguu ishirini kwa ishirini. Ukisogea zaidi unaingia ardhi ya kijiji, chini ya Sheria Namba 5 ya 1999, ambako halmashauri ya kijiji ina sauti ya kweli, si ya ushahidi tu, na mgeni asiye mwanakijiji hanunui bila idhini yake. Kuna watu wanaouziwa ekari kwa mkataba wa ofisi ya mtaa mahali ambapo mtaa hauna mamlaka. Kujua umesimama upande gani wa mpaka huo ni muhimu kuliko kujua bei.

Nyumba yenye hati ina njia ndefu lakini inayojulikana: upekuzi kwa msajili wa hati kuona kama kuna zuio au rehani, uthamini, kibali cha Kamishna wa Ardhi, ushuru wa stempu wa 1%, kodi ya ongezeko la mtaji. Zamani kazi hii iliwapeleka watu wa Rukwa hadi ofisi ya kanda Mbeya, zaidi ya kilomita 300. Tangu ofisi za ardhi za mikoa zifunguliwe mwaka 2020 hivi, inafanyika Sumbawanga. Kodi ya mtaji ni 10% ya faida, na ni ya muuzaji, ingawa katika mazungumzo ya barazani humwangukia mnunuzi. Yule aliyeishi ndani ya nyumba yake miaka mitatu au zaidi na faida yake haizidi milioni 15 amesamehewa, jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui. Asiye na kumbukumbu za gharama, yule mjenzi wa miaka minane na mchanga usio na risiti, amewekewa tangu 2023 kiwango cha 3% ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Tazama na mita ya umeme: kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na malimbikizo yake utayalipa wewe siku ya kwanza utakaponunua umeme.

Wengi huishia kwenye muhuri wa mtaa. Wanahamia, wanapiga lipu, na miaka kumi baadaye hati ingali na jina la marehemu. Likitokea la kutokea, Baraza la Kata, tangu marekebisho ya 2021, linasuluhisha tu na lina siku 30. Wasipopatana, wanakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako mwenye jina kwenye hati huanza akiwa mbele. Ndiyo maana wanunuzi waangalifu hubakiza sehemu ya bei, tuseme robo, hadi jina litakapobadilishwa, na huandika hivyo kwenye mkataba. Muuzaji wa Agosti huwa anakubali. Wa Januari, mwenye mgonjwa hospitali, anataka zote leo, na anashusha bei ili azipate. Mnunuzi anayechukua punguzo hilo ajue amepewa kwa kazi gani: safari zote za kwenda kwa msajili, mahakamani na kwa wale watoto wawili wa Dar es Salaam sasa ni zake.